Gari linachemka likipanda mlima lakini kwenye foleni linatulia: nianze kukagua wapi?

Gurudumu

Habari zenu ndugu wanajukwaa.

Ninaomba msaada wa kutafuta chanzo cha joto kupita kiasi katika injini ya gari langu. Ni gari dogo la petroli lenye injini ya silinda 4 ya ujazo wa lita 1.8, hedi yake (kipande cha juu kinachofunika silinda) ni ya alumini, na rejeta inapulizwa na feni mbili za umeme. Nikiwa kwenye foleni, hata kiyoyozi kikiwa kimewashwa, mshale wa joto hutulia katikati kama kawaida. Tatizo hujitokeza ninapokwenda kwa kasi kwa muda mrefu au ninapopanda mlima nikiwa na mzigo: mshale hupanda polepole hadi kukaribia alama nyekundu, kisha nikipunguza mwendo au nikianza kuteremka hurudi mahali pake wenyewe.

Mambo mengine yanayoweza kusaidia ni haya. Fundi aliyelishughulikia hapo awali aliondoa themostati (vali inayofungua na kufunga njia ya maji kulingana na joto) kabisa, akieleza kwamba maji yakipita bila kizuizi injini itapoa zaidi. Kifuniko cha rejeta ni kipya na kina kiwango kilekile cha shinikizo cha awali. Maji hupungua kidogo kidogo, ingawa sioni tone lolote chini gari linapoegeshwa. Oili haijabadilika rangi wala sioni moshi mweupe kwenye ekzosi. Kila ninayemuuliza anataja kifaa tofauti: huyu rejeta, yule pampu ya maji, mwingine gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini. Nisingependa kubadilisha kimoja baada ya kingine kwa kubahatisha. Je, kuna utaratibu wa vipimo unaoweza kunionyesha kosa liko wapi kabla sijafungua chochote?

Bisibisi

Ndugu Gurudumu, maelezo yako yana manufaa makubwa, kwa sababu katika ugonjwa huu jambo la kwanza kulijua ni wakati ambao joto hupanda. Gari likiwa kwenye foleni, hewa inayopita katika rejeta huletwa na feni peke yake; kwa hiyo gari linalochemka kwenye foleni na kupoa likishika kasi hutufanya tushuku feni, fyuzi na rilei yake, swichi ya joto inayoiamuru, au vumbi na wadudu waliojazana kati ya kondensa ya kiyoyozi na rejeta. Gari lako linafanya kinyume kabisa. Likiwa na kasi, upepo wa mwendo unatosha bila feni, lakini joto linalozalishwa nalo ni jingi mno: katika injini ya petroli, takribani theluthi moja ya nishati ya mafuta huishia kwenye maji ya kupozea, na unapokanyaga mafuta kupanda mlima kiasi hicho huongezeka maradufu na zaidi ukilinganisha na gari likinguruma pale liliposimama. Feni, basi, tuziweke kando. Tunachotafuta ni kitu kinachopunguza mzunguko wa maji, au kinachoizuia rejeta kutoa joto lililofikishwa kwake.

Kabla ya kupima lolote, nakushauri usiutegemee mshale wa dashibodi. Magari mengi yametengenezwa ili mshale ubaki katikati hata joto halisi linapobadilika kwa nyuzi nyingi, na unapoanza kusogea hali huwa tayari imeshakuwa mbaya. Baya zaidi, maji yakipungua kiasi cha kuiacha sensa ikining'inia kwenye mvuke, mshale unaweza kushuka huku injini ikiungua. Tafuta kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, ukiunganishe, na usome joto kwa tarakimu ukiwa barabarani. Mtu mwingine asome, wewe endesha.

Kipimo cha pili hufanywa kwa kipimajoto cha miali, kile kinachoelekezwa kama kurunzi. Pasha injini hadi joto la kazi, mwombe mtu aishikilie kwenye mizunguko 2,500 hivi kwa dakika, kisha upime uso wa rejeta sehemu baada ya sehemu, kuanzia upande ambao maji huingilia hadi yanakotokea. Katika rejeta nzima joto hushuka taratibu na kwa mpangilio. Ukikuta eneo lililopoa ghafla katikati ya eneo lenye moto, mirija ya hapo imeziba na maji hayapiti. Angalizo dogo ni kwamba kifaa hicho hudanganywa na chuma kinachong'aa, kwa hiyo pima kwenye plastiki, kwenye mpira, au bandika kipande cha utepe mweusi na upime juu yake.

Kipimo cha tatu hakihitaji kifaa chochote. Injini ikiwa na moto, tazama mpira wa chini wa rejeta wakati mwenzako anapopandisha mizunguko. Mpira huo uko upande ambao pampu inavuta, na baadhi ya magari huwa na springi ndani yake ili usibonyee. Springi ikiliwa na kutu, au mpira ukilainika, kuta zake hunywea kwa kasi kubwa tu na kuziba njia, kisha hurudi katika umbo lake mara unapoachia mafuta. Hitilafu hiyo inafanana kabisa na unachokieleza, na haionekani hata kidogo gari likiwa limesimama na injini ikizunguka polepole. Weka mikono na nguo mbali na feni, kwa kuwa feni za umeme zinaweza kuanza kuzunguka hata injini ikiwa imezimwa.

Mzee Spana

Nakubaliana na Ndugu Bisibisi, ila mimi ningeanza na hiyo themostati iliyoondolewa, kwa sababu kipimo chochote kitakachofanywa bila hiyo kitatupa majibu yaliyochafuka.

Dhana kwamba kuondoa themostati kunaipoza injini imeenea sana miongoni mwa mafundi, na katika baadhi ya injini ina ukweli wa nusu. Lakini injini nyingi zina njia mbili za maji: moja inapita kwenye rejeta, na nyingine fupi inayarudisha maji moja kwa moja kwenye pampu injini inapokuwa bado haijapata moto. Themostati za injini hizo zina sahani mbili. Ya juu inapofungua njia ya rejeta, ya chini huziba njia fupi. Ukiitoa themostati, njia fupi hubaki wazi daima, na kwa vile maji hupendelea njia isiyo na ukinzani, sehemu yake kubwa huzunguka ndani ya injini bila kuiona rejeta. Kwenye foleni hutagundua, kwa sababu joto ni dogo. Kwenye mlima utagundua. Tena, kwenye mwendo wa kawaida injini hiyohiyo hukaa na ubaridi kupita inavyotakiwa, kompyuta ikaendelea kumwaga mafuta mengi ikidhani injini bado inapasha, na silinda zikachakaa kabla ya wakati.

Nunua themostati ya kiwango kilichopangwa kwa injini yako. Tarakimu, kwa mfano 82 au 88, huwa imegongwa juu yake na ni nyuzi za Selsiasi ambazo huanza kufunguka. Hata ikiwa mpya, ijaribu kwanza. Itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, isiguse kitako, kisha upashe moto taratibu huku ukiyakoroga maji. Inapaswa kuanza kufunguka karibu na tarakimu hiyo na kuwa wazi kabisa nyuzi 10 hadi 15 baadaye. Unapoifunga, upande wa springi huelekea injini, na kile kitundu kidogo chenye kipini kinachochezacheza hukaa juu ili hewa ipate pa kutokea.

Baada ya hapo ndipo upande mlima na kusoma joto. Likitulia, umemaliza nusu ya kazi.

Nati na Bolti

Kwa mtazamo wangu mnazunguka mbali. Maji yanapungua na hayaonekani yanakokwenda, na joto hupanda injini inapobeba mzigo. Hiyo ni gasketi ya silinda hedi inayoanza kuungua, na kila safari ya mlimani inazidi kuipinda hedi ya alumini. Afungue hedi apime, mambo yaishe.

Bisibisi

Ndugu Nati na Bolti, hofu yako ina msingi, na gasketi bado imo katika orodha ya washukiwa. Ninachopinga ni kufungua hedi kama njia ya kupima. Kazi hiyo ni kubwa, na ikiwa gasketi ilikuwa nzima, mwenye gari atakuwa ameigharamia bila sababu huku tatizo la awali likimsubiri palepale.

Maji kupotea bila kuacha alama chini si ushahidi wa kutosha. Uvujaji mdogo juu ya chuma chenye moto hukauka kabla haujafika ardhini. Maji yanaweza pia kuvujia ndani ya gari kupitia kirejeta kidogo cha hita, na hapo dalili yake ni zulia lenye unyevu upande wa mbele au vioo vinavyopata ukungu wenye utando wa mafutamafuta. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kupima shinikizo la mfumo. Injini ikiwa baridi, pampu ya mkono hufungwa mahali pa kifuniko cha rejeta, shinikizo hupandishwa hadi kiwango kilichoandikwa kwenye kifuniko, ambacho mara nyingi ni kati ya baa 0.9 na 1.1, kisha huachwa kwa robo saa. Likishuka, kuna mahali panavuja, na utakuwa na muda wa kupatafuta kwa taa na kioo kidogo bila hatari ya kuungua.

Hapo pia ndipo umuhimu wa kifuniko unapoonekana. Maji matupu huchemka kwa nyuzi 100 usawa wa bahari, lakini yakiwa chini ya shinikizo la ziada la baa 1 huchemka karibu na nyuzi 120, na yakichanganywa nusu kwa nusu na kulanti (dawa ya kupozea inayowekwa kwenye rejeta) huvumilia zaidi ya hapo. Mfumo unaovuja hupoteza kinga hiyo, mvuke huanza kujikusanya kwenye hedi, na mvuke haubebi joto kama maji yanavyolibeba. Ndiyo maana uvujaji mdogo unaweza kuzaa joto kubwa hata kabla maji hayajapungua sana.

Kuhusu gasketi yenyewe, kuna dawa ya maji yenye rangi ya buluu inayowekwa kwenye kichupa maalumu juu ya mdomo wa rejeta, ambayo hubadilika kuwa ya manjano ikikutana na gesi ya kaboni dayoksaidi iliyopenya kutoka kwenye silinda. Punguza kwanza maji ya rejeta kidogo ili yasifyonzwe na kuiharibu dawa. Dalili nyingine ni mpira wa juu kuwa mgumu dakika moja au mbili tu baada ya kuwasha injini iliyolala baridi. Katika muda mfupi hivyo maji hayajapata moto wa kuleta shinikizo, kwa hiyo shinikizo hilo limetoka kwingine. Toa pia plagi zote uzitazame: iliyosafika kupita wenzake huenda inaoshwa na mvuke wa maji. Zikikubaliana dalili mbili au zaidi, hapo nami nitasema hedi ifunguliwe, na ikifunguliwa ipimwe unyoofu kwa rula ya chuma na vijiti vya kupimia nafasi. Injini nyingi haziruhusu mpindo unaozidi milimita 0.05 hadi 0.1, ingawa kitabu cha injini husika ndicho chenye neno la mwisho.

Nati na Bolti

Hilo nalipokea, lakini kuna ufa mdogo au gasketi iliyolegea ambayo hupitisha gesi injini ikiwa na mzigo tu. Dawa ya buluu ikiwekwa gari likiwa limesimama haitaona kitu, na mwenye gari atarudi nyumbani akiamini gasketi yake ni nzima.

Bisibisi

Hoja hiyo ni sahihi, na dawa yake ni kupima kwa kurudia. Apime mara ya kwanza gari likiwa limesimama, kisha aliendeshe kwa mzigo, aegeshe, aache injini ipoe hadi mipira ya rejeta ishikike kwa mkono na ilegee, afungue kifuniko polepole kwa kitambaa kinene, na apime tena huku mizunguko ikipandishwa na kushushwa. Kifuniko kisiguswe kabisa maji yakiwa na moto, kwa kuwa yaliyo juu ya nyuzi 100 hugeuka mvuke papo hapo shinikizo linapoondoka, na hurukia usoni kwa aliyefungua.

Gurudumu

Ninawashukuru nyote. Nimepata fundi mwenye vifaa vilivyotajwa, na tumepima kwa mpangilio mliouelekeza.

Themostati mpya ya nyuzi 82 ilijaribiwa kwenye sufuria ikafunguka inavyotakiwa, kisha ikafungwa. Kwenye foleni kompyuta inasoma kati ya nyuzi 88 na 94. Kwenye mlima uleule na mzigo uleule, kabla ya themostati joto lilifika nyuzi 114. Sasa linaishia 108, lakini bado lingali linapanda nilipofika kileleni. Mpira wa chini haubonyei. Dawa ilibaki buluu mara zote mbili, yaani gari likiwa limesimama na baada ya mlima, na plagi zote zina rangi moja.

Yaliyonishangaza ni mawili. Kipimajoto cha miali kilionyesha kwamba maji huingia kwenye rejeta yakiwa na nyuzi 96, lakini sehemu ya chini katikati, yenye ukubwa wa kama robo ya rejeta nzima, ilikuwa na nyuzi 50 na kidogo ilhali pande zake zilikuwa juu ya 80. Na shinikizo lilishuka kutoka baa 1.1 hadi 0.8 ndani ya robo saa. Tulitafuta sana bila kuona tone, hadi fundi alipoingiza kioo chini ya pampu ya maji tukaona ukoko wa rangi ya waridi chini ya kitundu kidogo kwenye mwili wa pampu. Je, nina makosa mawili, au moja limezaa jingine?

Mzee Spana

Ndugu Gurudumu, una makosa mawili yanayosaidiana kukuumiza, na gasketi kwa sasa iachwe ilipo. Lile eneo lililopoa katikati ya rejeta ni mirija iliyoziba, na kitundu ulichokiona kwenye pampu kimewekwa makusudi na watengenezaji: sili ya ndani inapochakaa, maji hutokea hapo badala ya kuingia kwenye beringi. Ukoko wa rangi ya waridi ni kulanti iliyokauka. Sili ikishaanza kupitisha haina matengenezo, pampu hubadilishwa nzima.

Usiitupe pampu ya zamani kabla ya kuitazama. Kagua mapanga yake, kwa sababu maji yasiyo na kinga ya kutu huyala hadi yanabaki mafupi na membamba, na yale ya plastiki huweza kulegea kwenye mhimili na kuteleza mizunguko inapopanda. Ukikuta hivyo utakuwa umepata sehemu nyingine ya jibu la mlima. Vilevile uliza kama pampu ya injini yako inazungushwa na mkanda wa taimingi. Ikiwa ndivyo, mkanda huo na kikazio chake vibadilishwe kwa safari hiyohiyo, kwani kazi ya kuvifikia ni ileile.

Kuhusu rejeta, kuiosha kwa dawa hulainisha tope lakini hakuzibui mirija iliyojaa magadi na kutu iliyokauka. Rejeta za zamani za shaba zilifunguliwa matangi na kuzibuliwa kwa vijiti. Hizi za alumini zenye matangi ya plastiki yaliyobanwa pembeni hazikutengenezwa kwa ajili ya hilo, na zikifunguliwa mara nyingi huvuja baadaye. Mimi ningeibadilisha. Ila kabla rejeta mpya haijafungwa, toa themostati kwa muda na usukume maji safi ndani ya injini na kwenye kirejeta cha hita, kwa kurudi nyuma, hadi yatoke meupe. Uchafu ulioziba rejeta ya kwanza haukuzaliwa ndani ya rejeta; mwingine bado umekaa kwenye njia za maji za injini, na usipouondoa utahamia kwenye mirija mipya.

Jaza kulanti ya aina inayotajwa na kitabu cha gari, iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyokenekwa, wala usichanganye aina mbili, kwa sababu baadhi zikikutana hufanya utelezi mzito kama ute. Usiizidishe pia kwa kudhani ukali zaidi ni upozaji zaidi: maji hubeba joto vizuri kuliko kulanti yenyewe, kazi ya kulanti ni kuzuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka.

Kutoa hewa ndiko wengi wanakokosea. Inua pua ya gari kidogo, fungua hita hadi mwisho, jaza injini ikiwa baridi na kifuniko kikiwa wazi, kisha uiache izunguke polepole huku ukiongeza maji yanaposhuka na kuminyaminya mpira wa juu. Mpira wa chini ukipata moto kwa ghafla, themostati imefunguka. Hita ikitoa hewa ya moto isiyokatika na viputo vikaisha, funga kifuniko, uzime, uache injini ipoe kabisa, na ukague maji tena kwenye tangi la akiba.

Kisha rudi kwenye mlima uleule na mzigo uleule, kompyuta ikisomwa. Joto litapanda kidogo juu ya lile la foleni na kukaa hapo. Kinachotafutwa ni kukaa, siyo tarakimu fulani. Likiendelea kupanda ilhali rejeta ni mpya na pampu ni mpya, basi swali halitakuwa tena kwa nini injini haipoi, bali kwa nini inazalisha joto jingi hivyo, na hapo utakagua taimingi ya moto wa plagi na kuziba kwa kichujio cha ekzosi. Jambo jepesi la kuanza nalo siku hiyo ni kuelekeza kipimajoto kile kwenye diski za breki za magurudumu yote manne mara tu unaposimama baada ya mlima, bila kuwa umefunga breki kwa nguvu: gurudumu lenye moto kuwazidi wenzake kwa mbali lina breki inayokwamia, na injini imekuwa ikilikokota njia nzima.